Chakula cha Mama Mja Mzito na Kazi ya Kondo la Nyuma

Mtoto akisha kuzaliwa, watu wote wa nyumbani hushughulika naye: ni wa kiume au wa kike, ana uzito gani, amefanana na nani. Mkunga peke yake ndiye mwenye kazi nyingine bado. Yeye hungoja kitu cha pili kitoke, na kikisha kutoka hukitandaza na kukitazama pande zote mbili, kwa kuwa kipande kidogo kikibaki ndani chaweza kumwua mama kwa kumtoa damu. Kitu hicho ni kondo la nyuma, ambalo watu wa pwani huliita pia zalio. Likisha kutazamwa hufukiwa au huteketezwa, na habari zake huwa zimekwisha.

Wazee wa zamani hawakulidharau hivyo. Kwa desturi ya Wakikuyu kondo liliwekwa katika shamba lisilolimwa, likafunikwa kwa nyasi na nafaka, kuwa ishara ya nguvu na uzazi. Waluo huliita biero, na kuuliza biero ya mtu imezikwa wapi ni sawa na kuuliza kwao ni wapi. Mila hizo zilikuwa na maana yake. Lakini elimu ya uganga ya miaka themanini iliyopita imelipa kondo heshima ya namna nyingine. Imeonyesha kwamba kiungo hiki ambacho huishi miezi tisa tu huacha alama katika mwili wa mtu mpaka uzee wake, na tena kwamba ukubwa na uzima wake hufuata sana chakula alichokula mama, wakati mwingine tangu kabla yeye mwenyewe hajajua kuwa ni mja mzito.

KIUNGO CHENYEWE

Kondo la binadamu lina umbo la duara, kama chapati nene. Siku ya kuzaa huwa na upana wa sentimeta 22 hivi, unene wa sentimeta mbili au tatu katikati, na uzito wa karibu nusu kilo. Mfugaji aliyemzalisha ng'ombe ataona tofauti mara moja, kwa kuwa kondo la ng'ombe limetawanyika katika vifundo vingi vinavyoshikana na tumbo la uzazi kama vifungo vya koti, na la mwanamke ni kitu kimoja. Upande mmoja umeshikamana na ukuta wa tumbo la uzazi. Upande wa pili hutoka kitovu, ambacho ndani yake mna mishipa mitatu: miwili huipeleka damu ya mtoto kwenye kondo, na mmoja huirudisha kwake ikiwa safi na yenye chakula.

Watu wengi, hata waliosoma, hudhani kwamba damu ya mama huingia katika mwili wa mtoto. Sivyo. Damu hizo mbili hazichanganyiki. Upande wa mama, kondo lina vijizi vidogo sana visivyohesabika, kama mizizi ya mche wa kahawa, na ndani ya vijizi hivyo hupita damu ya mtoto. Vijizi vimezamishwa katika bwawa la damu ya mama. Chakula na hewa hupenya ngozi nyembamba ya vijizi na kuingia kwa mtoto, na uchafu wa mtoto hupenya kurudi kwa mama. Kama ngozi hiyo yote ingetandazwa chini, ingeenea zaidi ya mita 10 za mraba, yaani sakafu ya chumba kizima cha kulala. Mimba ikikaribia kutimia, zaidi ya nusu lita ya damu ya mama hupita katika tumbo la uzazi kila dakika.

Kwa hiyo kondo ni pafu la mtoto, ni utumbo wake, na ni figo lake. Sukari hupita yenyewe kutoka mahali penye nyingi kwenda mahali penye kidogo. Vipande vya protini na madini ya chuma havipiti hivyo. Kondo huvivuta kwa nguvu na kuvipandisha, kama mtu atekaye maji kisimani. Kinga za mama za kupigana na maradhi nazo hupitishwa hapo, na ndizo humlinda mtoto mchanga miezi yake ya kwanza. Kadhalika kondo hutengeneza homoni ambazo huuambia mwili wa mama uitunze mimba, uachilie sukari zaidi katika damu, na uyaandae matiti. Kazi hizi zote zataka nguvu, na kondo lenyewe hula sehemu kubwa ya hewa na sukari iliyofika kabla ya kumgawia mtoto. Kiwanda hiki kikijengwa kibaya, hakuna njia ya pili.

MIEZI AMBAYO HAIONEKANI

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba kondo hukua kwanza, mtoto hufuata. Katika majuma kama 10 ya mwanzo, damu ya mama bado haijaachiliwa kuingia katika bwawa. Mimba hulishwa kwa maji yenye chakula yatokayo katika ukuta wa tumbo la uzazi. Wakati huo huo seli za kondo huingia katika mishipa midogo ya mama iliyopindapinda, na kuibomoa misuli yake ili mishipa iwe mipana na kulegea. Mkulima wa Mwea anaijua kazi hiyo, maana ni ile ile ya kuupanua mfereji kabla mpunga haujatiwa maji. Kufikia juma la 20 hivi, kazi kubwa ya kupanua imekwisha. Mfereji ukibaki mwembamba, mtoto hupata chakula haba miezi yote iliyosalia, na mama yumo katika hatari ya kupanda kwa damu, ugonjwa ambao mwisho wake waweza kuwa kifafa cha mimba.

Mpaka mwezi wa nne hivi, kondo na mtoto huwa na uzito unaokaribiana. Baadaye mtoto humpita mwenzake, hata siku ya kuzaliwa awe na uzito wa mara sita wa kondo lake. Na miezi hiyo minne ndiyo ambayo katika nyumba nyingi hakuna mtu anayejali. Mama atapika asubuhi, hawezi chakula, hajaenda kliniki, na labda mume hajaambiwa. Tumbo halijaonekana, basi aendelea kulima, kuteka maji na kubeba kuni kama kawaida. Watu huanza kumhurumia anapovimba miguu, nao hudhani kwamba wamewahi.

NJAA YA UHOLANZI

Ushahidi mkubwa wa mambo haya ulipatikana kwa msiba. Mnamo Septemba 1944, majeshi ya Uingereza na Marekani yalipokuwa yakijaribu kuivuka mito ya Uholanzi, wafanyakazi wa reli wa nchi hiyo waligoma kwa agizo la serikali yao iliyokuwa uhamishoni London, ili kuwazuia Wajerumani. Wajerumani wakalipiza kisasi kwa kukataza chakula kupelekwa magharibi mwa nchi, kwenye miji mikubwa kama Amsterdam na Rotterdam. Walipolegeza amri kidogo na kuruhusu mashua, baridi kali ikaganda mifereji, mashua zikakwama. Mwisho wa Novemba posho ya mtu mzima ilikuwa chini ya kalori 1,000 kwa siku, na kati ya Desemba 1944 na Aprili 1945 ilikuwa kama 400 hadi 800 tu. Watu walikula vitunguu vya maua ya tulipu na viazi vya sukari vya kulishia mifugo. Kiasi cha watu 20,000 walikufa. Nchi ilipokombolewa mwezi wa Mei 1945, chakula kilirudi kwa haraka.

Njaa ni nyingi duniani, lakini hii ilikuwa na mambo mawili ambayo ni nadra kukutana. Ilianza na kwisha kwa tarehe zinazojulikana, na iliwapata watu ambao wakunga na hospitali zao waliendelea kupima na kuandika. Katika daftari hizo mlikuwa na uzito wa mama, uzito wa mtoto, na mara nyingi uzito wa kondo. Daktari Clement Smith wa Marekani alifika mapema na kuandika habari zake mwaka 1947. Baadaye wataalamu wawili, Zena Stein na mumewe Mervyn Susser, wazaliwa wa Afrika Kusini, walizichimbua daftari hizo upya na kutoa kitabu mwaka 1975. Wengine wamewafuata hata leo, maana watoto wale sasa ni wazee wa miaka themanini.

Mama waliopatwa na njaa katika miezi mitatu ya mwisho walizaa watoto wepesi, waliopungua kama gramu 300, na makondo yao yalikuwa madogo. Hilo lilitazamiwa. La ajabu lilikuwa kwa mama walioshikwa na njaa miezi mitatu ya mwanzo, kisha wakapata chakula baada ya ukombozi. Watoto wao walizaliwa na uzito wa kawaida, ila makondo yao yalikuwa mazito kupita kawaida. Ilikuwa kana kwamba kondo, likiona mlo ni haba, lilijipanua ili linyonye kila chembe iliyopo, mfano wa mizizi ya mtama ambayo katika ukame huenda chini kutafuta maji.

Mtu angaliweza kusema basi, hakuna hasara, mwili umejitengeneza wenyewe. Lakini watoto wale walipofikia umri wa miaka hamsini na zaidi, walipimwa tena. Waliokuwa tumboni miezi ya mwanzo wakati wa njaa walionekana kuwa na maradhi ya moyo zaidi ya wenzao, na mafuta mabaya zaidi katika damu. Waliokuwa katikati ya mimba walikuwa na dalili za udhaifu wa figo. Na wale walioguswa na njaa tumboni, hasa miezi ya mwisho, miili yao ilishindwa kuitawala sukari vizuri. Uzito wa mtoto siku ya kuzaliwa haukuwa umesema habari zote.

DAFTARI ZA KIINGEREZA

Mtu aliyeyatangaza mambo haya zaidi ya wengine alikuwa Mwingereza, Profesa David Barker, aliyefariki mwaka 2013. Afrika Mashariki ina sehemu katika maisha yake, kwa kuwa kabla ya kujulikana alifanya kazi Chuo cha Makerere, Uganda, akichunguza kidonda cha Buruli, mpaka ghasia za wakati wa Idi Amin zilipomwondoa mwaka 1972. Aliporudi kwao alitafuta daftari za zamani za wakunga. Katika wilaya ya Hertfordshire alizikuta zile zilizoandikwa tangu mwaka 1911, zenye uzito wa kila mtoto, na mwaka 1989 akaonyesha kwamba wanaume waliokuwa wepesi utotoni walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya wale waliokuwa wazito.

Mwaka uliofuata alitoa habari za mji wa Preston. Huko hospitali moja ilikuwa imepima na watoto na makondo yao, tangu mwaka 1935 mpaka 1943. Watu hao walipopimwa wakiwa na umri wa karibu miaka hamsini, wenye msukumo wa damu wa juu kabisa walikuwa wale waliozaliwa wadogo huku kondo lao likiwa kubwa. Yaani si mtoto peke yake, wala si kondo peke yake, bali ni kutolingana kwao. Kondo kubwa kwa mtoto mdogo ni dalili ya shida iliyopita, kama vile kilimo kikubwa kilichotoa magunia machache.

Wataalamu wa Oxford nao, mwaka 1991, walichunguza mama zaidi ya 8,000 na kuona jambo lililoshabihiana na hilo: mama mwenye upungufu wa damu huelekea kuwa na kondo kubwa kwa kulinganisha na mtoto wake. Habari hii yafaa isomwe kwa makini katika nchi ambayo upungufu wa damu kwa waja wazito ni jambo la kila siku.

MIEZI YA NJAA HUKO GAMBIA

Huenda msomaji akasema kwamba Uholanzi ni mbali, na vita si jambo la kila mwaka. Basi na aitazame Gambia, katika Afrika ya Magharibi, kwenye kijiji cha Keneba na jirani zake. Wakulima wa huko hulima njugu, mtama na mpunga. Kila mwaka, mvua inyeshapo, ghala huwa tupu na kazi ya shamba huwa kubwa kuliko wakati wowote. Mke hula kidogo na kulima sana. Hakuna adui aliyekataza chakula, hiyo ni kalenda tu. Mkulima wa Busia au wa Kitui ataitambua, kwa kuwa naye anayo miezi yake ya kungoja mahindi yakomae.

Madaktari waliokaa Keneba miaka mingi waliona kwamba watoto waliozaliwa katika miezi hiyo walikuwa wepesi kuliko waliozaliwa baada ya mavuno. Ndipo wakafanya jaribio kubwa, katika vijiji 28, kwa miaka mitano. Waja wazito wa vijiji vingine walipewa kila siku biskuti zilizookwa kwa njugu, zenye kalori kama 1,000, kuanzia kama juma la 20 mpaka kuzaa. Wengine walipewa baada ya kuzaa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1997. Watoto wa mama waliokula biskuti mapema walizidi wenzao kwa gramu 136 kwa jumla. Katika miezi ya njaa walizidi kwa gramu 201, na katika miezi ya shibe kwa gramu 94. Vifo vya watoto waliozaliwa wafu, na vya waliokufa katika juma la kwanza, vilipungua karibu kwa nusu.

Gramu mia mbili ni uzito wa embe dogo. Lakini kwa mtoto mchanga ndizo ziwezazo kumtenganisha anayenyonya kwa nguvu na yule anayelala bila kulia. Na ikumbukwe kwamba biskuti zile hazikuwa na dawa ya ajabu. Zilikuwa njugu, unga wa mchele, sukari na mafuta.

MALARIA NA DAMU

Katika Kenya kuna adui wa kondo asiyekuwako Uholanzi. Vijidudu vya malaria vikimwingia mja mzito, hujificha katika kondo. Mwaka 1996 wataalamu waliochunguza makondo kutoka magharibi mwa Kenya walieleza jinsi chembe za damu zenye vijidudu zinavyonata juu ya kitu fulani kilichoko katika ngozi ya vijizi. Kwa sababu hiyo mwanamke aliyekulia sehemu zenye mbu, ambaye kwa kawaida malaria haimlazi tena, hupata mimba ya kwanza na kuwa kama mgeni. Huenda asione homa hata kidogo, na huku kondo limejaa vijidudu, limevimba, chakula hakipiti, na damu yake inapungua. Mimba za baadaye hupata kinga kidogo. Ndiyo sababu kliniki za Pwani na za kando ya Ziwa humpa mama chandarua chenye dawa, na vidonge vya kuzuia malaria tangu mwezi wa nne, vikirudiwa kwa vipindi. Vidonge hivyo humezwa hata na asiyeumwa.

Ama kwa upande wa damu, mtoto huvuta madini ya chuma kwa mama hasa katika miezi mitatu ya mwisho, naye havuti kwa adabu. Kondo humpa mtoto kwanza, mama hubaki na makombo. Kama mama alikuwa na upungufu tangu mwanzo, wote wawili hupungukiwa. Hapa yafaa kutaja tabia ya kula udongo. Katika uchunguzi mmoja wa Kilifi, zaidi ya nusu ya waja wazito walisema hula udongo mara kwa mara, na walioula walikuwa na akiba ndogo ya chuma. Kuwacheka hakusaidii, wala kuwakaripia. Mama atamaniye udongo apelekwe akapimwe damu na minyoo.

Chai nayo, ambayo Kenya hujivunia kwa haki, ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha maharage na mboga kisiingie mwilini. Afadhali inywewe saa moja au mbili baadaye, na chakula kifuatwe na chungwa, pera au papai, maana matunda ya namna hiyo husaidia chuma kuingia.

NANI HULA YAI?

Sasa jambo hili limefika mezani. Katika makabila mengi ya nchi hii palikuwa na miiko juu ya chakula cha mja mzito, na mingine ingaliko. Kwa Wasamburu mama hupunguza mlo miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kutoka. Mahali pengine mayai yalikatazwa, na kwa Waluhya wanawake hawakuruhusiwa kula kuku. Hofu ya uzazi mgumu haikuwa upumbavu, kwa kuwa zamani hapakuwa na upasuaji, na mama aliyeshindwa kuzaa alikufa. Lakini dawa hiyo hukosa shabaha. Njia ya uzazi huwa nyembamba hasa kwa msichana ambaye mifupa yake haijakomaa au aliyedumaa utotoni, na kumnyima mlo hakuipanui. Hupunguza damu yake tu, na nguvu za kusukuma.

Kuliko miiko, labda biashara ndiyo huondoa chakula zaidi siku hizi. Kuku hutaga, mayai huenda sokoni. Ng'ombe hukamwa, maziwa huenda kwa chama cha ushirika, na nyumba hubaki na kikombe cha kutia chai. Fedha zinahitajiwa, karo haingoji, na hakuna mtu mwenye akili atakayemwambia mkulima asiuze. Walakini nyongeza ambayo mja mzito ahitaji si ghala zima. Katika miezi sita ya mwisho ni kama kalori 300 mpaka 450 kwa siku: kikombe cha maziwa na konzi moja au mbili za njugu. Mume ajuaye bei ya mbolea ya kupandia ataweza kupiga hesabu hiyo, naye ndiye aliye na ufunguo wa fedha katika nyumba nyingi, hivyo maneno haya yampasa yeye kuliko mkewe.

Lakini wingi wa ugali peke yake hautoshi. Mahindi hushibisha, yana chuma kidogo kinachopatikana kwa shida, na protini yake ina kasoro. Maharage, kunde, ndengu au mbaazi zikiliwa pamoja nayo huiziba kasoro hiyo. Omena wakiliwa wazima, na mifupa yao, hutoa protini na chokaa kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Mnavu, mchicha na kunde za majani humea karibu bure. Chumvi iwe ile yenye madini ya joto. Jambo jingine, tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya huwataka wenye viwanda kutia vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano uliofungwa. Anayesaga mahindi yake kwenye kinu cha kijijini hapati nyongeza hiyo, na hapana budi aitafute katika mboga na vidonge.

Kwa upande wa pili, katika miji kuna shida ya kuzidi. Mama mnene mwenye kisukari hupeleka sukari nyingi mno kwa mtoto. Kondo hunenepa, mtoto huwa mkubwa kupita kiasi, na kuzaliwa huwa kwa taabu. Karani akaaye kitini mchana kutwa, ambaye mkewe hunywa soda kila siku kwa kuamini kwamba huongeza damu, asidhani kwamba habari za njaa hazimhusu.

Vidonge vya madini ya chuma na foliki hutolewa katika kliniki za serikali, navyo humezwa kila siku mpaka kuzaa. Wengi huviacha kwa kuwa huchafua tumbo na kugeuza choo kuwa cheusi. Weusi huo si ugonjwa, na kichefuchefu hupungua vikimezwa usiku. Foliki hasa hupita wakati wake upesi, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika majuma manne ya kwanza tangu mimba kutungwa, kabla mama wengi hawajahesabu siku zao. Mwanamke anayetazamia kupata mimba aweza kuviomba kabla.

Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, limeshauri mja mzito aonane na wahudumu wa afya mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya juma la 12 kwisha. Kawaida ya mashamba ni kwenda mwezi wa tano au wa sita, baada ya palizi. Wakati huo mishipa ya mama imekwisha kupanuliwa, au haikupanuliwa. Kondo limekwisha kushika mahali pake, na muuguzi ataandika katika kitabu cha mama na mtoto yale tu ambayo ayaona siku hiyo.